Nilivyokuwa naficha kwamba nakaa Footscray

Nianze na uongo wangu kabisa ili tusipotezeane muda. Mi nimezaliwa Temeke na nimekulia Temeke, ila nilipopata shule ya sekondari upande wa mjini, mtu akiniuliza nakaa wapi nilikuwa najibu Kurasini. Kurasini kuna bandari, kidogo inasikika, Temeke ukiitaja darasani watu wanashika mifuko yao wanacheka. Basi nikawa mtu wa Kurasini miaka minne, mpaka siku rafiki yangu mmoja akang'ang'ania kunisindikiza nyumbani, nikashuka nae Kurasini kweli, nikamzungusha mitaani kama nusu saa natafuta geti lolote la kusimama mbele yake nimuage. Aibu ile mpaka leo nikiikumbuka nafumba macho.

Sasa Julai 2011 nikatua Melbourne kusoma, na kabla mwaka haujaisha nikajikuta nafanya ujinga ule ule, safari hii kwa Kiingereza. Nilipata chumba Footscray, dola 110 kwa wiki, nyumba ya mbao ya zamani tunakaa watatu, mimi, Mkongo mmoja wa Bukavu na Mrundi mmoja, Kiswahili ndo lugha ya nyumba japo Mkongo alikuwa anakivuta kwake na mi nakivuta kwangu, tulibishana hata jina la sufuria. Chuoni wenzangu wakiniuliza nakaa wapi nikisema Footscray naona nyusi zinapanda. Mmoja akaniuliza kabisa, "usiku unatoka nje kweli?" Kwahiyo nikaanza kusema "magharibi, karibu na mjini". Na sikuwa nadanganya kihivo, maana Footscray ni kilomita tano hivi magharibi ya katikati ya mji, treni dakika kumi, unavuka mto Maribyrnong, unaliona lile sanamu kubwa la dhahabu la Mazu, mungu wa kike wa bahari wa Wachina, limesimama kando ya mto kama linahesabu abiria, alafu umefika. Ila jina sikulitaja.

Niseme ukweli, siku ya kwanza kushuka stesheni niliogopa. Nilitegemea Australia ya kwenye picha, bichi na kangaruu, nikakuta mzee mmoja anagombana na mashine ya tiketi, vijana Wasomali wanapiga stori ukutani, mama wa Kivietnam ana toroli la mboga ananipita kiunoni bila samahani, na harufu ya donati. Kuna kibanda cha donati pale stesheni kipo tangu enzi, donati za moto zinajazwa jamu na kimashine chenye kichwa cha pomboo, sijui nani alikaa akafikiria pomboo ateme jamu lakini ndo ilivyo. Nikampigia mama simu nikamwambia mama huku ni kama Kariakoo ila kuna baridi. Mama akasema basi vizuri, hutopotea. Mi nikaona hajanielewa.

Mwanafunzi akiwa na njaa anaelewa mtaa haraka. Miezi ile ya kwanza nilikuwa nakula mkate na mayai tu mpaka siku Mrundi akanipeleka sokoni, nikaona kwenye meza ya bibi mmoja wa Kivietnam matembele. Matembele kabisa, yamefungwa mafungu kwa raba, pembeni mchicha mwekundu, bamia, mihogo, ndizi za kupika. Nilisimama pale kama nimeona ndugu. Bibi akanitazama akasema kitu kwa Kivietnam, mi nikasema "matembele", yeye akasema "rau lang", tukawa tunarudishiana lile jina kama watoto mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kulalamika. Kumbe na wao wanakula, wanachemsha wanachovya kwenye mchuzi wa samaki, au wanakaanga na vitunguu saumu. Nikamuonesha kwa mikono kwamba sisi tunaweka nazi, akakunja uso, wiki iliyofuata akaniambia amejaribu na nazi, akakunja uso tena. Hakupenda. Lakini alijaribu.

Alinifundisha nimwite "bà", ndo bibi kwao, na mimi akawa ananiita "con", yaani mtoto. Hapo ndo nikajua Wavietnam wana ugonjwa kama wetu, hawezi kukusemesha mpaka ajue wewe ni nani kwake, mdogo, kaka, shangazi, mtoto, bila hivo sentensi haianzi. Wazungu wanasemaga wako huru kuitana majina matupu na mi naheshimu, ila mtu umekaa miezi minne nchi ya watu hakuna aliyekuita mtoto wala kaka wala chochote, alafu bibi wa mboga anakuita mtoto, bana, nilienda kula yale matembele nikiwa na koo limekaza.

Bà aliniambia habari zake kidogo kidogo, kila Jumamosi kipande, akiwa anafunga mafungu. Walitoka na boti usiku, wakaokotwa, wakakaa kambi ya kisiwa cha Bidong huko Malaysia, alafu mwaka 1980 wakaletwa Melbourne kwa ndege na kuwekwa hosteli ya wahamiaji ya Midway, pale Maribyrnong, jirani kabisa na Footscray. Ndo maana Wavietnam wamejaa huku. Wala hawakuchagua sehemu nzuri kwenye ramani, walitoka hosteli wakatafuta kodi ya chini, na kazi za viwanda zilikuwa hapa.

Viwanda hivyo nilikuja kuvijua kupitia jirani yangu. Nyumba ya kushoto alikuwa anakaa mzee mmoja mzungu peke yake, mke alishafariki, na yule mzee ndo kanisomesha Footscray kuliko kitabu chochote. Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Yeye anataka nimwite jina lake kavu kavu, mi mtu wa umri wa babu yangu siwezi, nikimwita "sir" anakasirika anasema yeye si polisi. Nikaishia kumwita "mzee". Akaniuliza maana yake nini, nilikuwa nawahi treni nikajibu haraka haraka ni kama "mate" ya Kiingereza, yaani rafiki. Basi ikawa hivo, kuanzia siku hiyo ananiita mimi mzee, anamuita mbwa wake mzee, anamwita fundi bomba mzee. Sikumsahihisha tena.

Mzee alizaliwa mtaa huo huo. Baba yake alifanya kazi machinjio ya Angliss, ya nyama ya kugandisha kupeleka Uingereza, na yeye mwenyewe akaingia pale akiwa na miaka 15, mke wake alikuwa anasokota kamba kiwanda cha Kinnears barabara ya Ballarat. Aliposema walikuwa wanatumia na mkonge nikaruka, nikamwambia mkonge kwetu ndo kila kitu, akatikisa kichwa akasema "basi mikono ya mke wangu ilichanwa na nyie". Alikuwa na utani mkavu hivo.

Alinieleza harufu. Alisema watu wa mjini walikuwa wanaipiga chenga Footscray kwa sababu ya harufu, maana tangu miaka ya 1800 huko kila kazi yenye uvundo ambayo Melbourne haikutaka iwe karibu yake ilisukumwa ng'ambo ya mto: machinjio, ngozi, kuchemsha mafuta ya kondoo, mbolea, gundi, na taka zote zinaishia Maribyrnong. Kabla ya hapo ilikuwa mawe. Ardhi ya huku ni mwamba mgumu wa rangi ya bluu na kijivu, wanauita bluestone, walichimba wakapeleka mjini wakajengea majengo, mitaro na vichochoro vya Melbourne, vile ambavyo watalii leo wanapigia picha. Mji ukajengwa kwa mawe ya Footscray, Footscray ikabaki na mashimo. Nami nikawa namsikiliza nafikiria malori ya barabara ya Mandela, bandari, viwanda vya Chang'ombe, machinjio ya Vingunguti ukipita na daladala unafunga dirisha. Ni jiji gani hili ambalo halina ng'ambo yake ya kutupia harufu.

Na kabla ya mawe kulikuwa na wenyewe, Wawurundjeri na Wabunurong wa taifa la Kulin, ambao Maribyrnong ni mto wao, maelfu ya miaka kabla ya Waingereza kutia nanga 1835 na kuja kukibandika kitongoji jina la kijiji cha Kent, Foots Cray. Hili mzee hakunieleza yeye. Nililisikia kwenye shughuli moja pale kituo cha sanaa cha jamii kando ya mto, kimeanzishwa 1974, nyumba yenyewe ya mawe ilikuwa ya mfuga nguruwe. Nilipomwambia mzee alikaa kimya kidogo akasema shuleni kwao hawakufundishwa hata sentensi moja. Akarudi kumwagilia nyanya zake.

Lakini kitu mzee alikuwa anakipenda kuliko vyote ni timu. Kule wana mpira wao wa miguu ambao kwa macho yangu unachezwa zaidi kwa mikono, mpira wenyewe umekaa kama papai, na timu ya mtaa ni Bulldogs, zamani wakiitwa Footscray, walioingia ligi kubwa 1925. Walikuwa na kombe moja tu, la 1954, walipoipiga Melbourne pointi 51. Mzee alikuwa na miaka kumi, baba yake alimbeba mabegani uwanjani MCG, na skafu aliyovaa baba yake ilikuwa kwenye kabati imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alinionesha mara tatu kwa miaka niliyokaa pale, na mara zote tatu aliniambia hii sio ya kuonesha watu.

Alafu kuna stori ya 1989, hii alikuwa anaisimulia kasimama. Oktoba mwaka ule wakubwa wa ligi wakatangaza kwamba klabu imefilisika, inaunganishwa na Fitzroy, basi. Mtaa ukachachamaa. Watu wakakusanyika uwanjani, wakatoka na makopo, mlango kwa mlango, sokoni, stesheni, baa, wanachangisha sarafu, shabiki mmoja mwanamke akaenda mahakamani kuzuia, na kwa wiki tatu tu wakapata zaidi ya dola milioni moja, timu ikabaki. Fitzroy wenyewe miaka saba baadae wakamezwa na Brisbane. Mzee alizunguka na kopo la rangi, na anasema nyumba iliyompa noti kubwa kuliko zote mtaa mzima ilikuwa ya Wavietnam waliokuwa hawajui hata timu ina rangi gani. Nikamuuliza kwanini walitoa sasa. Akasema walimuuliza ni ya nini, akajibu "wanataka kutuondolea kitu chetu", wakaingia ndani wakarudi na dola hamsini.

Hapo ndo akanisimulia na upande wa pili, bila mimi kuuliza. Kwamba yeye huyo huyo miaka michache kabla ya hapo alikuwa anakaa baa na wenzake wanasema hawa wa boti wamekuja kuchukua kazi zetu, wanakula vitu vya ajabu, watoto wao majambazi. "Kazi zenyewe zilikuwa zinafungwa," akasema. Mwaka 1973 serikali ya waziri mkuu Whitlam ilipunguza ushuru wa bidhaa za nje kwa robo kwa mpigo mmoja na viwanda vya huku vikaanza kuyumba, na mwaka huo huo serikali hiyo hiyo ikamalizia kuizika ile sera ya Australia ya weupe, ya kuzuia wasio wazungu kuhamia, iliyokuwepo tangu 1901, kwahiyo watu wa mtaani waliona milango ya viwanda inafungwa na sura mpya zinaingia, wakaunganisha wanavyojua wao. Mzee alisema alipopata zile dola hamsini hakuwarudia wale wa baa kuwaambia. Aliona aibu. Nikamjua mwenzangu.

Sasa 2016, Oktoba mosi, ndo siku ambayo mpaka leo nikielezea watu nashindwa kukaa. Bulldogs walimaliza ligi wa saba, hakuna aliyewahesabu, wakapiga kila mtu ugenini mpaka fainali na Sydney. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku godauni, sijalala, mzee akanigongea dirisha, "mzee, amka". Tukaangalia kwake, mimi, yeye, Mkongo, mbwa. King'ora cha mwisho kilipolia, pointi 89 kwa 67, miaka 62 imeisha, mzee hakupiga kelele. Aliinuka akaenda kabatini akarudi na skafu, akaivaa, akakaa tena akaweka mikono usoni. Pale uwanjani nahodha wao Bob Murphy alikuwa hajacheza, goti liliumia mwanzoni mwa msimu, na kocha Luke Beveridge akamwita jukwaani akavua medali yake mwenyewe akamvalisha. Mkongo alilia kuliko mzee, na Mkongo alikuwa hajui sheria hata moja ya ule mchezo.

Tukatoka. Barabara ya Barkly imejaa, magari yanapiga honi, Wahabeshi wametoka kwenye migahawa na vyombo vya kahawa, dada mmoja ana mgahawa wa injera anagawa mkate bure, Wavietnam, Wagiriki wazee, watoto wa Kisudan wamejifunga bendera ya nyekundu, nyeupe na bluu. Jamaa nisiemjua kanikumbatia akaniuliza kwa kupiga kelele, unatoka wapi ndugu? Na mimi nikajibu kwa kupiga kelele, Footscray! Ilitoka yenyewe. Nilikuwa na miaka mitano pale na ndo mara ya kwanza nalisema lile jina kwa mtu bila kulizunguka.

Natamani niseme baada ya hapo mambo yakawa safi. Desemba mwaka huo huo soko la Little Saigon likaungua usiku, moto mkubwa, moshi ulionekana mbali, na meza ya bà ilikuwa humo. Nilienda asubuhi nikamkuta amesimama nyuma ya utepe wa zimamoto na wenzie, kashika pochi lake kwa mikono miwili. Sikujua niseme nini. Nilisimama tu pembeni yake kama saa nzima. Baadae akaniuliza kama nimekula.

Na 2018 ndo nilijijua mimi ni mtu wa aina gani. Mwanzoni mwa mwaka ule magazeti na televisheni za Melbourne zilikuwa zimeshika wimbo mmoja, magenge ya Waafrika, hasa vijana wa Sudan Kusini, mpaka waziri mmoja wa serikali kuu akasema kwenye redio kwamba watu wa Melbourne wanaogopa kutoka kwenda kula mgahawani usiku. Watu walimcheka sana, wakapost picha wakiwa mgahawani, ila kwenye treni haikuwa kichekesho. Niliona mikoba inahamishwa. Niliona kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu na treni imejaa. Na mimi nilifanya nini? Nikaanza kujitetea kwa watu ambao hawajaniuliza. Kazini nikawa nachomekea kwenye maongezi, mi natoka Tanzania, mi si Msudan, sisi kwetu hatuna vita. Nikawa nikiona vijana warefu wamekaa stesheni nahamia upande mwingine. Yaani Kurasini tena.

Aliyenishika ni yule dada wa injera. Nilikuwa nakunywa kahawa pale kwake namwaga sera zangu hizo kwamba hawa vijana wanatuharibia jina, akaendelea kukaanga buni wala hanitazami, akasema, "Kaka, polisi akikusimamisha usiku atakuuliza kwanza pasipoti?" Nikanyamaza. Akaongeza kwamba mmoja wa wale wa stesheni anamsaidiaga kubeba magunia kila Ijumaa na ndugu yake mdogo anasoma udaktari, je namjua jina? Sikuwa namjua jina. Nimempita kijana yule labda mara mia mbili.

Jumamosi nikamwambia bà, ambaye wakati huo alikuwa amepata kona ndogo kwenye duka la mpwa wake. Nilitaka anihurumie, nakiri. Yeye akaniambia mtoto wake wa kiume miaka ya tisini, ule wakati Footscray ilikuwa inatajwa kwa unga na sindano, alikuwa anasimamishwa na polisi karibu kila wiki, anageuzwa mifuko barabarani, kwa sababu tu ni Mvietnam kijana. Sasa mhasibu. Nikasubiri amalizie na neno la hekima hivi, hakumalizia na chochote, akaniuliza nataka mafungu mangapi.

Kilichofuata mnakijua maana kinatokea kila mji. Mtaa uliokuwa unachekwa ukaanza kupendwa. Kwanza kahawa ya dola tano, alafu duka la baiskeli, alafu majirani wapya na mbwa wenye makoti, watu wazuri kabisa sina neno nao, wananisalimia, alafu maghorofa kando ya mto pale palipokuwa na viwanda. Mwishoni mwa 2018 mwenye nyumba wetu akaamua kuuza. Kule nyumba zinauzwa kwa mnada, Jumamosi asubuhi, barabarani, dalali amesimama kwenye ukuta anapiga kelele kama wa mitumba, na sisi wapangaji tumeambiwa tusafishe tutoke kidogo wakati watu wanakagua vyumba vyetu. Tulisimama kwa mzee, ng'ambo ya fensi, tunaangalia bei inapanda. Mkongo alikuwa anahesabu kwa faranga akafika mahali akaacha. Ilipogongwa mara ya tatu mzee akasema baba yake aliinunua ile ya kwake kwa mshahara wa machinjio, akaingia ndani.

Kichekesho cha mwisho, yule mwanachuo mwenzangu wa "usiku unatoka nje kweli", nilikutana nae kazini miaka hiyo, ananiambia yeye na mchumba wake wanatafuta kununua Footscray lakini bei haishikiki, akaniambia nilikuwa na bahati sana kuishi kule kabla haijajulikana. Haijajulikana! Watu wamekaa pale maelfu ya miaka. Ila nikameza, maana hata mi nilisaidia isijulikane.

Tukahamia Tarneit mwanzoni mwa 2019, mimi na mke wangu ambaye alikuwa ameshakuja, na mtoto njiani. Tarneit ni mbali magharibi, nyumba mpya, barabara mpya, mti mmoja mmoja umefungwa kijiti, Wahindi wengi majirani na ni watu wa karibu, siwezi kulalamika. Treni inasimama Footscray kwahiyo nilikuwa namtembelea mzee. Alipoanguka jikoni wanawe wakampeleka nyumba ya wazee huko Sunshine, na 2021 Bulldogs walipofika fainali tena tulikuwa tumefungiwa na korona, fainali yenyewe ikahamishiwa Perth, tukaangalia kwa simu, mi nimeweka spika yeye kaweka spika. Wapinzani ni Melbourne, wale wale wa 1954. Robo ya tatu Bulldogs wako mbele, mzee anacheka, alafu ikawa mvua ya magoli, Melbourne wakashinda kwa pointi 74. Akasema "tuliwapiga nikiwa mtoto, wamesubiri mpaka nizeeke." Alifariki baridi iliyofuata. Msibani binti yake alinitambulisha kwa watu, akasema huyu ndo "mzee" wa baba, watu wakanishika mkono kwa heshima, na sikujua nianzie wapi kuelezea.

Skafu alizikwa nayo. Nilikuwa naitegea kidogo, niseme ukweli.

Bà yupo, kaongezeka udogo, hafungi mafungu mwenyewe siku hizi anaelekeza wajukuu na anawagombeza kwamba wanafunga kizembe. Jumamosi iliyopita nilienda na binti yangu wa miaka mitano. Matembele yamepanda, dola tatu fungu, nikalalamika kama inavyotakiwa, akalalamika yeye pia kuhusu mvua na dizeli, nikatoa hela ya mawili. Akatia mawili kwenye mfuko, akanitazama juu mpaka chini, akachukua la tatu akaligandamizia juu, akamwambia mwanangu kwamba baba yake amekonda.